Maneno Yaliyoachwa kwa Syokau

"Susu, kwa nini unadanganya watu?"

Nilimwuliza Syokau hivyo nikiwa darasa la pili, nimekaa kwenye benchi lake katika steji ya Mwingi, miguu yangu haijafika chini. Alikuwa amemaliza kumwambia mwanamke mmoja kwamba nyumbani kwao hakuna neno, aende tu salama. Na mimi asubuhi ileile, nikipita kwenda shule, nilikuwa nimesikia kondakta akimwambia Syokau kwamba baba yake huyo mwanamke amefariki. Syokau alichota uji, akanipa kikombe, akasema mtoto akinywa huku anaongea atapaliwa.

Pengine mtoto wa Kikamba asingeuliza. Sisi tulitoka upande wa Murang'a. Baba yangu, Evanson Ndungu, alikuja Mwingi kuuza mabati na misumari, na duka letu lilitazamana na steji. Mama aliposhinda dukani, mimi nilishinda kwa Syokau. Watoto wenzangu walimwita Susu, yaani nyanya, nami nikashika hivyo hivyo, ingawa nyumbani nyanya yangu ni Cucu.

Nilikuwa na maswali mengi mpaka baba alisema nikiolewa nitarudishwa. Nilimwuliza Syokau steji ilitoka wapi, kama vile steji ni mtu. Hilo alilijibu.

Alisema zamani hapakuwa na steji. Kulikuwa na mahali basi la kutoka Kitui lilipozoea kusimama, kando ya barabara ya Garissa, kwa sababu hapo dereva mmoja alipenda kupumzisha injini. Likija leo, huenda lisije tena mpaka wiki nyingine, na mvua ikinyesha lilikaa ng'ambo ya mto mpaka mchanga ukauke. Hiyo ilikuwa baada ya ile njaa ya ndege, mwaka wa sitini na moja, ambapo chakula kilidondoshwa kutoka angani. Syokau na mume wake walikuwa wametoka upande wa Tseikuru wakifuata chakula hicho. Mume akasikia kuna kazi bandarini Mombasa. Alipanda basi. Basi lilirudi, na likaendelea kurudi miaka yote, lakini yeye hakushuka.

Mwanzo alituma maneno. Kondakta alikuwa akiteremka na kusema, "Mwenyewe anakusalimu, anasema bado anatafuta nyumba." Syokau hakutaka neno la pili lije akiwa hayupo, kwa hiyo alikaa palepale mlango wa basi ulipofungukia. Mtu hawezi kukaa kando ya barabara siku nzima bila kazi, kwa hiyo akaanza kupika uji wa mawele. Maneno ya mume yakakoma. Uji ukabaki.

Baadaye kaunsili ilisawazisha uwanja, ikajenga kibanda cha mabati cha abiria, ikachimba choo na kukitia kufuli. Ufunguo ulikaa na karani, na karani alikaa nyumbani kwake kila saa ya chakula, ambayo ndiyo saa mabasi yalifika. Ukawekwa mlingoti wa kuinua getini. Wapakiaji wakaja, wale wanaopanda juu ya keria na kufunga magunia, vitanda na mbuzi. Syokau alihamishwa na askari wa kaunsili mara nyingi, na kila mara mlango wa basi ulipofunguka, yeye alikuwa hapo tena na sufuria lake. Mwishowe walimwacha.

Lakini watu walimhitaji kwa kingine. Wanaume wa kwetu Mwingi na wa huko ndani walikuwa Nairobi, Thika, Mombasa. Barua ilichukua muda, na wengi hawakuandika. Basi likifika, kondakta alimwachia Syokau maneno: mwambie mke wa fulani auze yule mbuzi mweusi, mwambie fulani dada yake amejifungua mvulana, mwambie mzee mtoto amepata kazi. Watu wakija sokoni walipita kwake kuuliza, "Mama, nimeachiwa chochote?" Maneno ya kwenda nje nayo aliyapokea, akayapa makondakta. Mkubwa wao alikuwa Nzioka, wa basi la Nairobi, mtu wa mzaha, ambaye alisema kaunsili ina choo kilichofungwa na redio isiyofungwa, na redio ni Syokau.

Si kwamba hakukosea. Kuna mtu aliomba mkewe amtumie majembe mawili, Syokau akafikisha neno la kuku wawili. Kuku walifika Thika hai, mwenyewe akawala, akatuma neno kwamba ameshukuru lakini shamba bado halijalimwa. Kila mtu aliicheka hiyo habari, hata yeye.

Kulikuwa na neno moja alilolishughulikia kwa njia tofauti, nalo ni la kifo.

Mama yangu ndiye alinieleza, baada ya kuulizia kwa majirani. Kwa Wakamba wa umri wa Syokau, habari ya kifo haipewi mtu aliyesimama, wala aliye njiani, wala mwenye njaa. Msafiri huambiwa kwamba mgonjwa amelemewa kidogo, au kwamba wote ni wazima. Hutafutiwa mtu wa kumsindikiza bila kumwambia anasindikizwa. Akifika kwao hunawa miguu, hupewa kitu cha tumbo, hukalishwa, ndipo mzee wa ukoo anakohoa na kila mtu anajua kimefika. Kumwaga habari hiyo barabarani ni kama kumvua mtu nguo mbele za watu.

Kwa hiyo Syokau alikuwa na utaratibu wake. Mwenye msiba akishuka, alimwita, akampa uji wa moto, akamwambia, "Wanakungoja." Halafu alitafuta mtu anayeelekea upande huo. Mwanzoni uji huo aliutoa bure, kwa huruma. Watu si wajinga. Ikajulikana steji nzima kwamba Syokau akikataa pesa yako, una maiti nyumbani. Siku moja alimpa kijana mmoja uji wa bure kwa sababu tu alikuwa amechoka, na yule kijana akaangusha kikombe, akaanza kulia na kutaja majina ya watu wa kwao, mmoja baada ya mwingine, akiuliza ni nani. Tangu siku hiyo Syokau alimtoza kila mtu, mwenye msiba na asiye na msiba, na wasiojua wakasema huyo mama ana roho ya jiwe.

Mchungaji wetu pia aliwahi kumwita pembeni kuhusu uongo. Wiki chache baadaye mshirika wake mmoja alikuwa anashuka na basi la saa nane, na mumewe amegongwa na lori. Mchungaji alikuja mwenyewe mpaka kwenye sufuria na kumwomba Syokau, kwa sauti ya chini, amshike kidogo yule mama mpaka wazee wafike.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka niliouliza swali langu, mwaka wa themanini na nne. Nililiuliza mwezi wa tatu. Mvua ya mwezi huo haikuja.

Njaa ya mwaka ule Wakamba waliipa jina *nikw'a ngwete*, maana yake nakufa nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi, wametumiwa na wenzao walioko mjini, lakini dukani hakuna unga. Baba aliuza mabati machache sana. Ng'ombe walipita mbele ya duka letu wakiwa wameinamisha vichwa, na wengine hawakurudi. Shuleni tulipewa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, siku ikipatikana, na siku ikikosekana mwalimu alituambia tulale juu ya madawati tusiharibu nguvu.

Mwezi wa kumi lori la Tseikuru lilifika steji. Tulikuwa tumetoka shule mapema, nami nilikuwa kwenye benchi. Dereva alishuka na kumwambia Syokau aliloachiwa na watu wa huko. Neno lilikuwa la Jonah Mutie. Jonah alikuwa mlinzi wa ghala Mombasa, mtu mrefu, mwembamba, aliyekuja kila Krismasi na kutunywea uji wa wiki nzima kwa siku moja. Nyumbani alikuwa na mke, Mbinya, na mtoto wa kwanza, Nthenya, wa kutambaa. Alikuwa ametumiwa habari kwamba mambo ni mabaya, na alitazamiwa kushuka wakati wowote.

Dereva alisema mtoto wamemzika. Mbinya amebaki peke yake bomani, hana nguvu, na majirani wamehama na mifugo iliyobaki kutafuta malisho. Jonah akishuka asilale Mwingi, apande lori hilohilo, kwa sababu likienda halina siku ya kurudi inayojulikana, dizeli ilikuwa shida.

Basi la Nairobi lilifika mchana huohuo, lori la Tseikuru likiwa bado linapakia. Jonah akashuka. Ilikuwa kana kwamba Mungu amepanga.

Nakumbuka alivyokuwa. Alikuwa na mfuko mdogo na mkebe wa maziwa ya unga aliokuwa ameuficha ndani ya koti kama mwizi, maana siku hizo chakula hakikutembezwa wazi. Alikuja moja kwa moja kwenye sufuria.

"Mama, za kwangu?"

"Ni nzuri," Syokau alisema. "Wanakungoja."

"Na mtoto?"

"Anakua."

Jonah alicheka. Alimwonyesha ule mkebe, akaurudisha haraka. Nilimtazama Syokau usoni nikitafuta uongo, kwa maana nilijua, lakini sikuona kitu. Alikuwa anakoroga.

Kisha Jonah akatoa shida yake. Alikuwa amesikia ndani ya basi kwamba lori la mahindi ya njano linakuja Mwingi kesho, na kila mwenye pesa atauziwa. Pesa alikuwa nazo. Lori la Tseikuru lilikuwa pale linanguruma. Akienda nalo, anafika kesho akiwa na mkebe mmoja. Akingoja, anafika baadaye akiwa na gunia.

"Nishauri, mama," alisema. "Nikifika kule na noti, Mbinya atazichemsha?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka kidogo, kicheko cha watu ambao nao walikuwa na noti.

Miaka mingi baadaye Syokau alinieleza alichofikiria wakati ule, na kila nikikirudia kichwani naona akili yake ilikuwa sawa, na hiyo ndiyo inayoniumiza. Alifikiri kwamba akimwambia panda, tena haraka, Jonah atauliza kuna nini, na swali hilo likishaulizwa halina mahali pa kwenda isipokuwa kwenye ukweli. Atakuwa amempa kifo mtu aliyesimama, mwenye njaa, mbele ya abiria. Akafikiri pia kwamba mtoto tayari yuko chini, hakuna wa kumwahi. Aliyebaki ni mama, na mama mwenye njaa anahitaji mahindi kuliko mwanamume mikono mitupu.

"Ngoja mahindi," alimwambia. "Wanakungoja, hawaendi popote."

Dereva wa lori alikuwa ameshawasha na kuangalia kwetu. Alimwona Jonah amekaa, akafikiri kwamba Syokau ana sababu zake, kwa kuwa siku zote alikuwa na sababu. Akaondoka.

Mahindi hayakuja kesho yake. Yalikuja siku iliyofuata, na foleni ilizunguka ghala mpaka ikapita kanisa. Jonah alipata gunia moja. Alilivuta mpaka steji, akalikalia, akangoja gari. Ndiyo hizo siku ambazo sipendi kuzikumbuka. Hakuwa na la kufanya ila kuzungumza, na mtu wa karibu alikuwa Syokau. Alizungumza kuhusu Nthenya. Alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa mchanga, na alitaka kujua kama ana meno, kama nywele zimekuwa nyingi, kama anaogopa watu. Syokau alijibu yote. Meno yapo. Nywele zipo. Ni mtoto wa kucheka. Mimi nilikuwa najifanya nafanya hesabu za shule. Niliwaza nimwambie, halafu nikawaza labda mimi ndiye sielewi, labda mtoto amefufuka, kwa sababu mtu mzima hawezi kusema maneno mengi hivyo juu ya mtoto asiyekuwepo.

Lori la Tseikuru liliporudi, dereva aliruka chini kabla halijasimama vizuri. Hakumwona Jonah, ambaye alikuwa amekwenda kuteka maji. Alimfokea Syokau mbele yangu. Alitaka kujua kwa nini hakumpandisha yule mtu. Alisema Mbinya alisikia injini, akatoka mpaka barabarani, jinsi alivyotembea hata yeye dereva alishindwa kumtazama. Alilizunguka lori. Alichungulia juu, akachungulia mpaka chini ya turubai. Aliuliza kama hakuna mtu mwingine. Kisha akageuka kurudi nyumbani, na dereva alipomwambia angoje apewe japo maji ya kunywa, hakugeuza kichwa.

Syokau aliweka chini upawa. Jonah aliporudi na maji, alimwambia apande sasa hivi. Jonah alimtazama, na nadhani hapo alijua, kwa sababu hakuuliza tena. Alilipakia gunia mwenyewe, akapanda juu yake.

Alimkuta Mbinya amelala ndani, mlango umefungwa kwa ndani kwa kipande cha mti. Wazee wawili waliobaki kijijini walimsaidia kuuvunja. Walimzika siku hiyohiyo karibu na kaburi dogo, na ndipo Jonah akaoneshwa kwamba kulikuwa na kaburi dogo.

Ilichukua muda mpaka tumwone tena. Siku aliyorudi ilikuwa siku ya soko, ingawa hakukuwa na cha kuuzwa. Alishuka kwenye lori na gunia lilelile, mdomo bado umeshonwa kama lilivyotoka ghalani. Alilibeba mgongoni mpaka kwenye sufuria la Syokau, akalitua.

"Mama, pika hii," alisema. "Kwangu hakuna wa kula."

Watu waligeuka. Hata wapakiaji juu ya keria walisimama na kamba mikononi.

"Uliponiambia mtoto anakua," Jonah alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na mama yake?"

"Nilijua amebaki peke yake."

Hakupaza sauti. Labda angepaza, watu wangemshika, wangemtuliza, mambo yangekuwa na njia yake. Alizungumza kama mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi.

"Ungenitukana basi. Ungenifukuza hapa kama mbwa. Ungesema lolote lile nipande lile gari. Nilikunywa uji wako siku zote zile."

Syokau alibaki ameinama juu ya moto. Hakujitetea kwa desturi, wala hakusema ni wazee waliofundisha hivyo. Nilidhani atasema, maana mimi nilikuwa nimeshamwandalia hayo maneno kichwani.

Mahindi yale yalisagwa, yakapikwa. Njaa haina heshima. Steji nzima ilikunywa, na sisi watoto tulikunywa, na siku hiyo Syokau hakumtoza mtu yeyote, na hakuna aliyeogopa.

Baada ya hapo hakupokea maneno. Kondakta Nzioka alishuka siku moja akaanza, "Mwambie mke wa..." na Syokau akamkata, akasema yeye anauza uji. Nzioka alifikiri ni mzaha, akaendelea. Syokau alimpa mgongo. Watu walikasirika, kwa sababu walikuwa wamezoea. Walisema amejivuna. Wengine walisema kwa ubaya zaidi kwamba anaua kwa mdomo, na mama mmoja alihamishia watoto wake kwenye benchi lingine. Maneno yakaanza kuachwa dukani kwetu, baba akayaandika kwenye maboksi ya misumari, akayasahau. Kisha posta ikawekewa kibanda cha simu, na vijana wakaanza kusema kwani zamani watu walikuwa wanaishi vipi.

Jonah hakurudi Mombasa. Sijui kwa nini. Baba alisema mtu aliyepoteza mahali pa kwenda hukaa penye magari. Akawa mpakiaji. Alikaa juu ya keria, akifunga mizigo ya wengine, na uji alinunua kwa mama mwingine upande wa getini, ingawa ule ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Yeye na Syokau walifanya kazi kwenye uwanja mmoja miaka yote hiyo. Alipopita karibu naye alipita kama mtu anavyopita kando ya nguzo, hasukumi, haangalii. Syokau kila asubuhi alimwekea kikombe ukingoni mwa benchi. Jioni alikimwaga.

Mimi nilikwenda shule ya bweni Tawa, upande wa Makueni, na nilikuwa nikirudi likizo. Kila nikishuka nilimkuta Syokau amepungua. Macho yalianza kuingia ukungu. Alinitambua kwa maswali, alisema, siyo kwa sura.

Mwezi wa nane mwaka jana, likizo yangu ya kidato cha tatu, nilikuwa nimekaa naye kama zamani. Kondakta wa basi la Nairobi, kijana ambaye hakujua ya nyuma, alikuja mbio kabla abiria hawajashuka. Alisema kuna msichana ndani anaitwa Muthoki, anafanya kazi ya nyumba huko Nairobi, anakwenda kwao Tseikuru kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Kumbe mama amekufa jana, wamepiga simu ofisi ya basi, mazishi ni kesho asubuhi. Msichana hajui. Alimwomba Syokau amshike kidogo na maneno matamu, yeye akimaliza kushusha mizigo wamtafutie mtu.

Niliona Syokau akinyoosha mkono kutafuta upawa, asiupate. Nilidhani atakataa kama alivyowakatalia wengine wote. Badala yake aliinuka. Alitembea mpaka mlangoni mwa basi, akauliza Muthoki ni nani. Msichana akaanza kushuka, akasema ni mimi, susu.

"Mama yako alifariki jana," Syokau alimwambia. "Anazikwa kesho asubuhi. Gari la Tseikuru ni lile pale, ndilo la mwisho."

Msichana alikuwa amesimama. Alikuwa hata hajakanyaga chini kwa mguu wa pili. Alipiga kelele ambayo bado naisikia nikitaka kulala, akaanguka kwenye vumbi, kichwa kikagonga ngazi ya basi na damu ikatoka. Wanawake walimzunguka. Walimfunika kwa kanga, na walimgeukia Syokau kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Walimwita mchawi. Walimwuliza alizaliwa na nani asiyemfundisha. Mmoja alimwaga uji wake wote chini, sufuria likabingirika mpaka getini.

Jonah alishuka kutoka kwenye keria. Nilifikiri anakuja kwa Syokau. Alipita katikati ya wale wanawake, akachukua mfuko wa Muthoki, akaupeleka kwenye gari la Tseikuru na kuufunga. Akarudi akamwinua yule msichana kwa mabega na kumpeleka taratibu mpaka kiti cha mbele. Alisimama mbele ya gari mpaka dereva alipowasha. Halafu akarudi juu ya keria yake. Kwenda na kurudi alipita karibu kabisa na Syokau, na hakumwangalia.

Niliokota sufuria. Nililiosha kwenye bomba, nikamrudishia. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kanga yake ina madoa ya uji, anasikiliza gari likiishia upande wa kaskazini. Kwa mara ya kwanza sikuwa na swali, au nilikuwa nayo mengi mno.

Yeye ndiye alianza. Alisema kuna siku nilimwuliza jambo, miguu yangu ikining'inia hapahapa, naye akanipa uji ninyamaze. Alinieleza yale niliyokwisha kuyaandika, jinsi alivyopiga hesabu ya Jonah na mahindi. Nilimwambia lakini hiyo ilikuwa desturi, susu, ulikuwa unawahurumia.

"Hapana," alisema. "Hiyo ndiyo niliwaambia watu, na mimi nikajiambia. Anayekuletea kifo, hutausahau uso wake mpaka unakufa. Nilikuwa najihurumia mimi. Nilitaka wanikumbuke kwa uji."